Darasa moja, kambi mbili: somo la jamii lifundishwe vipi?

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, aliniandikia mwanzoni mwa muhula. Ujumbe wake ulikuwa mrefu, lakini kiini chake kilikuwa hiki: "Dada, nafundisha darasa la nne. Nina wanafunzi 87. Wengi ni watoto wa wakulima, waliobaki ni watoto wa wafugaji. Ukiingia darasani utadhani kuna ukuta katikati. Wanakaa mbalimbali, wanacheza mbalimbali, hata foleni bombani ziko mbili. Wiki iliyopita nimefundisha umuhimu wa ushirikiano. Nimeuliza, wamejibu, karibu wote wamepata vema. Kengele ya mapumziko ikalia, wakatoka nje wakaanza kuitana yale majina yao. Sasa nimefundisha nini?"

Swali hilo la mwisho lingeweza kuulizwa na walimu wengi, ila wengi wetu huona kwamba mtoto akipata vema kazi imekwisha. Nami naona ni swali la wazazi kama lilivyo la walimu, ndiyo maana nimelileta kwenye ukurasa huu wa familia.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito wake. Watoto kuitana majina mabaya ni jambo la kila shule, na mara nyingi hupita. Lakini kuna maeneo ambako halipiti. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya hiyohiyo ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mtoto aliyekuwa darasa la nne mwaka ule leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, na huenda ana mtoto wake darasani. Anayoyasema mezani wakati wa chakula kuhusu "wale" yanasikika. Mwalimu anapokuta foleni mbili bombani, anakuta kitu ambacho hakikuanzia shuleni.

Masomo yenyewe yamebadilishwa majina mara kadhaa. Wapo waliosoma Siasa, wapo waliosoma Uraia, wapo waliosoma Maarifa ya Jamii. Katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, watoto wa darasa la tatu na kuendelea wana Historia ya Tanzania na Maadili, na wana Jiografia na Mazingira. Majina ni mazuri. Lakini katika madarasa mengi kinachofanyika ni kilekile: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kisha wanaulizwa "taja faida tano za ushirikiano". Mtoto anataja zote tano huku amempa kisogo mwenzake wa dawati la pili.

Siwalaumu walimu. Ukiwa na watoto 87 na vitabu vya kugawana, ubao na chaki ndiyo njia inayokufikisha mwisho wa kipindi bila vurugu. Wala lawama hii si mpya. Machi 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule zinazomtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Miaka imepita, na bado kuna mtoto anayeweza kukutajia kazi za serikali ya kijiji asijue ofisi ya mtendaji iko upande gani wa barabara.

Nilichomjibu mwalimu yule ni kwamba watoto hawajifunzi kuishi pamoja kwa kuorodheshewa faida za kuishi pamoja. Wape kazi ambayo hakuna hata mmoja anayeweza kuimaliza bila mwenzake. Na kazi hiyo iwe ndilo somo lenyewe. Isiwe mchezo wa kuchangamsha darasa kabla ya somo.

Ramani ya majivu

Nilimwambia aanze nje. Vifaa ni ndoo ya majivu, kokoto, vijiti, na vizibo vya soda ambavyo duka la karibu litampa bure. Tofali moja linawekwa katikati ya uwanja, hilo ndilo shule. Watoto wanaulizwa jua linachomoza wapi, wanaonyesha, na hapo tayari wanazo pande nne za dunia bila kuchora mshale wowote daftarini. Kisha barabara kuu inachorwa kwa majivu, halafu mto, halafu reli kama ipo. Baada ya hapo kila mtoto anakwenda kuweka kizibo chake mahali nyumba yao ilipo.

Hapo ndipo mjadala unapoanza, maana huwezi kuweka kizibo bila kukubaliana na wenzako. Wewe unasema kwenu ni baada ya mwembe mkubwa, jirani yako anasema mwembe uko huku. Nani anatembea mbali zaidi? Masika watu wanavuka wapi? Maji yanachotwa wapi, na ng'ombe wananyweshwa wapi? Hatua moja ya uwanjani ni sawa na mwendo wa dakika ngapi? Hiyo ni skeli. Watoto hao watakuja kuisoma kitabuni na kuikuta ni kitu wanachokijua.

Mwalimu alifanya, akaniandikia tena. Alisema kijana mmoja wa wafugaji, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyosha mkono, ndiye aliyesahihisha mto. Wenzake walikuwa wameuchora umenyooka. Akaenda akaufuta kwa mguu na kusema, "Haupiti hapo. Unapinda kwenye mkuyu." Anauvuka kila siku na ndama. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua.

Lakini ramani ile ilitoa na kitu kingine ambacho mwalimu hakukitarajia. Alipotazama vizibo vilivyokuwa ng'ambo ya mto, akagundua kwamba karibu wote ni wale ambao majina yao huandikwa kila asubuhi kwenye orodha ya wachelewaji. Baadhi wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Watoto wenyewe waliliona. Msichana mmoja wa upande wa pili akauliza kwa sauti, "Kumbe ninyi mnatoka kote huko?" Swali hilo kwangu lina thamani kuliko faida zote tano za ushirikiano, na liliulizwa na mtoto kwa hiari yake.

Tahadhari moja, na naomba walimu waishike. Waulizeni watoto kuhusu njia, msiwaulize kuhusu nyumba. Ukisema "chora nyumba yenu", ndani ya dakika tano darasa zima litajua nani ana bati na nani ana nyasi, nani amepanga chumba na nani anaishi kwa shangazi. Njia haimdhalilishi mtu. Anayetoka mbali anakuwa na mengi zaidi ya kusimulia.

Historia ya Bibi Titi katika vipande sita

Kazi ya pili niliyompa mwalimu haikuanzia kwetu, nayo inafaa ielezwe ilikotoka. Mwaka 1971, katika mji wa Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, shule zilizokuwa zimetenganishwa kwa rangi zilianza kuwachanganya wanafunzi. Watoto Wazungu, watoto weusi na watoto wenye asili ya Mexico wakajikuta darasa moja kwa mara ya kwanza. Zikazuka ngumi na uhasama. Uongozi wa shule ukamwomba msaada Elliot Aronson, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Texas.

Aronson na wanafunzi wake hawakuanza na mahubiri ya upendo. Walikaa nyuma ya madarasa wakatazama. Walichoona kila mzazi aliyesoma anakifahamu: mwalimu anauliza, mikono inanyooshwa, mmoja anachaguliwa, na wengine wote wanaomba moyoni akosee ili zamu iwafikie. Darasa la namna hiyo linamfundisha mtoto kwamba mwenzake akijua, yeye amepoteza. Ukiweka ndani yake watoto ambao wazazi wao hawapatani, umewasha moto na kumwagia mafuta ya taa.

Basi wakabadilisha kazi yenyewe. Watoto waligawanywa katika makundi madogo yaliyochanganywa, na somo likakatwa vipande. Kila mtoto wa kundi alipewa kipande chake, ambacho wenzake hawakupewa. Mwishoni kila mmoja atafanya mtihani wake peke yake kuhusu somo zima. Kwa hiyo njia pekee ya kupata kipande cha mwenzako ni kumsikiliza na kumuuliza vizuri. Mtoto ambaye Kiingereza kilimsumbua alichekwa mwanzoni, mpaka wenzake walipokumbushwa kwamba mtihani unakuja na anachokijua yeye hakuna mwingine anayekijua. Wakaacha kumcheka. Wakaanza kumsaidia aseme.

Hapa kwetu badala ya Kiingereza weka Kiswahili cha mtoto ambaye nyumbani wanazungumza Kimaasai. Kila mwalimu wa maeneo ya wafugaji anamjua mtoto huyo.

Kwa darasa lile nilipendekeza maisha ya Bibi Titi Mohamed, na nilimchagua kwa makusudi. Kipande cha kwanza ni utoto wake: kuzaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Cha pili ni uimbaji wake katika kikundi cha ngoma cha Bomba, ambako sauti yake ilimpa jina mjini kabla hajawa mwanasiasa. Cha tatu ni TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, na jinsi Bibi Titi alivyowavuta akina mama kwa wingi wajiunge na chama. Cha nne ni Uhuru wa Desemba 9, 1961, kuingia kwake bungeni na kupoteza ubunge mwaka 1965. Cha tano ni kigumu: kujiuzulu uongozi wa chama mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, kukamatwa mwaka 1969, kesi ya uhaini na hukumu ya kifungo cha maisha. Cha sita ni msamaha wa mwaka 1972, miaka ya ukimya, kufariki kwake mwaka 2000, na barabara kubwa ya Dar es Salaam yenye jina lake.

Umeona ninachokusudia? Mtoto mwenye kipande cha tatu anamjua shujaa. Mwenye kipande cha tano anamjua mfungwa. Wote wawili wamesoma kweli tupu, na wakiachwa hivyo watabishana hadi jioni. Ili wampate Bibi Titi mzima, ni lazima wakae chini, kila mmoja atoe alichonacho. Wakati wote huo mwalimu hajatamka neno "mkulima" wala neno "mfugaji".

Sasa tuje kwenye 87, maana najua walimu wanaosoma hapa wanatikisa kichwa. Huhitaji mashine ya kurudufu. Unahitaji karatasi sita tu, zimeandikwa kwa herufi kubwa, kila moja imebandikwa ukutani au kwenye mti. Gawanya darasa katika makundi 14 ya watoto sita sita. Hao ni 84. Watatu waliobaki waambatanishe na wenzao katika makundi matatu, wasome kipande kimoja wawili wawili. Hapo ndipo pa kumweka mtoto ambaye bado kusoma kunampa shida. Kila mtoto anapewa namba ya kipande. Namba moja wote wanakwenda mti wa kwanza, namba mbili mti wa pili, na kuendelea. Pale mtini wanasoma pamoja, wanaulizana, wanafanya mazoezi ya kusimulia mpaka hata asiyesoma vizuri ameshika. Kisha wanarudi kwenye makundi yao kufundishana.

Mwalimu alijaribu mara ya kwanza na kazi ikamshinda. Kelele zilikuwa nyingi, mwalimu wa darasa la pili akaja kulalamika, na makundi kadhaa yalimruka mtoto mmoja yakajidai yamemaliza. Mara ya pili, wiki mbili baadaye, aliongeza jambo dogo. Kabla ya jaribio aliwaambia maswali yatatoka vipande vyote sita kwa usawa. Safari hii kundi moja lilimfuata kijana wao chooni lilipoona anachelewa kurudi. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo.

Sitaki mtu atarajie muujiza katika wiki moja. Ni kazi ya kurudiarudia muhula mzima, na makundi yasivunjwe haraka. Watoto hawazoeani kwa dakika 40.

Wapo wanaopenda kazi za kuwagawa watoto ili "waonje" ubaguzi. Inayojulikana zaidi ni ile ya Jane Elliott, mwalimu wa mji mdogo wa Riceville, jimbo la Iowa, ambaye mwaka 1968, baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, aliwagawa wanafunzi wake wa darasa la tatu kwa rangi ya macho na kulipa kundi moja upendeleo. Kabla siku haijaisha watoto waliopendelewa walikuwa wamekwisha kuwa wakatili kwa wenzao. Ni kisa chenye mafunzo kwa watu wazima, lakini mwalimu mwenye watoto 87 ambao tayari wana kambi mbili asilijaribu jambo hilo. Kuwagawa ni rahisi. Huna uhakika kama utaweza kuwarudisha kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.

Swali linalokuja nyumbani kwako

Mzazi mwenzangu, hapa ndipo unapoingia. Kazi ya tatu haifanyiki darasani. Mtoto anatumwa kumhoji mtu mzima wa nyumbani, kisha analeta majibu shuleni. Maswali ni machache: Ulizaliwa wapi? Wazazi wako walitoka wapi kuja hapa? Ulipokuwa na umri wangu maji mlichota wapi? Ni kitu gani kilikuwepo hapa ambacho sasa hakipo?

Kwa Kilosa maswali hayo si ya kupoteza muda. Wilaya ile imejengwa na watu waliotoka mbali. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka Kigoma, Songea, Njombe na hata nje ya mipaka, na wengi hawakurudi makwao. Reli ya Kati nayo ilileta wake. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na hadi kufikia 1976 kaya nyingi nchini zilikuwa zimehamishwa. Bibi mwenye miaka sitini na kitu leo alikuwa mtoto wa darasa la tatu au la nne wakati huo. Anakumbuka vyombo vilivyopakiwa kwenye lori na miti ya matunda iliyoachwa. Upande wa pili, zipo familia za wafugaji wa Kiparakuyo zilizokuwa Kilosa tangu enzi za ukoloni.

Majibu yalipoletwa darasani, mwalimu aliyaandika ubaoni kwa mstari wa miaka: nani alifika lini. Watoto waliozoea kuwaambia wenzao "rudini kwenu" wakakuta babu yao aliingia kutoka Njombe kukata mkonge, na wapo watoto wa wafugaji ambao babu wa baba zao alizikwa hukohuko Kilosa. Darasa lilikaa kimya kidogo, kisha wakaanza kucheka, maana mtoto mmoja alisema, "Mwalimu, sasa mwenyeji ni nani?" Mwalimu hakujibu. Naona alifanya vyema kutojibu.

Lakini si kila nyumba ilipokea swali kwa mikono miwili. Mtoto mmoja alimwendea bibi yake, "Bibi, shikamoo. Mwalimu kasema nikuulize mlitoka wapi." Bibi akaitikia marahaba, akampangusia kigoda, wakakaa hadi giza. Mwingine alimuuliza baba yake akaambiwa, "Usinichoshe, soma vitabu." Mzazi wa tatu alikwenda shuleni kabisa. Akasema daftari la mtoto halina kitu, wiki mbili hakuna vema hata moja, na Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne unakuja. "Mtihani wa babu upo?" aliuliza.

Namwelewa mzazi huyo. Tumezoea kuipima shule kwa daftari lililojaa. Tukilikuta limejaa wino mwekundu tunalala usingizi. Lakini jiulize, ni nini ulichosoma ukiwa darasa la nne ambacho bado unakikumbuka? Mtoto aliyesikia kutoka kwa bibi yake jinsi lori lilivyokuja hatahitaji kukariri Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 utabaki kichwani kwa sababu una sura ya bibi yake. Na mtihani ukimuuliza kwa nini watu huhama, ana mifano mitatu ya kweli, mmoja wa kwao na miwili ya wenzake.

Walimu nao wawe waangalifu. Wasiseme "kamhoji baba yako". Wapo wasio na baba, wapo ambao baba ni jambo lisilozungumzwa nyumbani. Semeni "mtu mzima yeyote unayemheshimu". Na mahali ambapo damu imemwagika, maswali yasiguse mapigano. Mtoto wa miaka kumi si wa kutumwa akafukue kidonda cha mtu mzima kwa ajili ya alama.

Kuna na igizo la mkutano wa kijiji, ambalo nitaligusa tu kwa sababu walimu wengi wanalijua: watoto wanakuwa halmashauri ya kijiji na wananchi, na ajenda ni kisima kimoja na watumiaji wa aina mbili. Ninachoongeza ni kubadilishana nafasi. Mtoto wa mkulima azungumze kwa niaba ya mwenye ng'ombe, na wa mfugaji amtetee mwenye mahindi. Atakayeanza kwa kejeli atakwama haraka, kwa sababu hana hoja, na itabidi amwendee mwenzake kuuliza, "Hivi kiangazi ninyi mnafanyaje?"

Yote haya yanaweza kubomolewa usiku mmoja nyumbani. Lile jina ambalo watoto huitana pale bombani hawakulipata kitabuni. Mtoto akirudi na kukwambia leo alikaa na fulani na baba yake fulani ana ng'ombe wengi, usimjibu kwa lile jina. Muulize huyo mwenzake anaishi wapi, anavuka mto wapi, ana kipande gani cha somo. Kama huna la kusema, nyamaza tu umwache amalize.

Na wewe mzazi wa mjini, unayempeleka mwanao kwa basi la njano, chunguza. Darasani kwake kuna wanaoletewa chakula cha moto saa saba na wanaokula andazi walilotoka nalo nyumbani. Kuna wanaozungumza Kiingereza nyumbani na wanaokiacha getini. Kambi zipo, ila hazina ng'ombe. Mwombe mwalimu wake, kwa heshima, awape watoto ramani ya njia zao.

Mwalimu wa Kilosa sasa anapanga kuwaalika wazee wawili darasani, mmoja wa kila upande, siku moja, wakae benchi moja. Ameniuliza awaulize nini ili wasije wakagombana mbele ya watoto. Nimemshauri swali liwe moja kwa wote wawili: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikukuta wapi, na ulimwokoa nani au nani alikuokoa? Nimemwambia pia awaandalie chai, awape dakika ishirini kila mmoja, na amteue mtoto mmoja shupavu wa kuwakumbusha muda, maana wazee wakishaanza habari za mafuriko, kengele hawaisikii.